Kichanja Kilichotangulia Kanisani

Sisi watu wa kanisa letu hatutumii kitu kipya kabla hakijaombewa. Pikipiki inasukumwa hadi karibu na madhabahu ikiwa bado na nailoni kwenye siti. Injini ya mtumbwi inabebwa na wanaume wazima huku kwaya ikiimba. Nimeona friji likiombewa. Nimeona shahada ya uzamili ikiombewa, mwenyewe akiwa amevaa joho wiki kadhaa baada ya mahafali kwa sababu mchungaji alikuwa safarini. Na kama umeanza kazi mpya, basi kile cha kwanza, awe kuku wa kwanza au kiti cha kwanza kutoka karakana yako, unakiacha palepale kiwe malimbuko. Baada ya ibada kinapigwa mnada nje, na fedha inaingia kanisani. Siulaumu utaratibu huo, maana nimenunua maboga mazuri sana kwenye mnada wetu. Ninachosema ni kwamba waliotunga sheria za hataza, zile za kulinda ubunifu wa mtu, hawakuwahi kusali na sisi, na sisi hatukuwahi kusoma sheria zao, na mimi ndiye niliyekwenda kugundua hivyo kwa niaba ya wote.

Kazi yangu ni dagaa. Kuuza si shida, shida ni kuanika. Mwaloni kwetu, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, wapo wanaoanika mchangani mpaka leo, ndiyo maana kuna nyumba ukila mboga unasikia kokoto kwenye meno na mwenyeji anakutazama kama vile wewe ndiye uliyekuja nazo. Sisi wenye kujiheshimu tunaanika kwenye vichanja, yaani meza ndefu za miti zilizotandikwa nyavu. Sasa, mvua ya ziwani haina adabu. Jua linawaka, unaongea na jirani yako habari za mtoto wake, ukiinua macho wingu limeshafika juu ya kichwa. Hapo ni kukimbia, huyu na beseni, huyu na turubai, mwingine anafunika kwa kanga aliyoivua kiunoni. Dagaa wakilowa kabla hawajakauka sawasawa, hao si chakula cha watu tena. Anakuja mnunuzi wa chakula cha kuku, anatikisa kichwa kama aliyefika msibani, kisha anataja bei ya matusi.

Mimi nina hasira za karibu. Siku moja baada ya kuuza mzigo mzima kwa bei ya chakula cha kuku, nilirudi nyumbani nikachukua chaki na kuchora kwenye sakafu ya kibanda cha mume wangu. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, yupo Igoma kandokando ya barabara ya Musoma, na sehemu kubwa ya kazi yake ni mageti yenye maua ya chuma kwa watu ambao ndani ya geti hawajamaliza kujenga. Nilimchorea trei za wavu, kila moja na reli yake, moja chini kidogo ya nyingine. Jua likiwaka zinavutwa nje huku na huku. Wingu likija unavuta kamba moja tu, na kila trei inamkamata mwenzake kwa kulabu, zote zinaingia chini ya kipaa kimoja cha bati kama droo za kabati. Akaangalia mchoro, akaniambia haiwezekani. Nikamwambia kama haiwezekani atatengeneza geti lenye maua na mimi nitakaa nje yake. Tulibishana kuhusu ile kulabu mpaka chakula kikapoa siku kadhaa mfululizo. Mwishowe akaichomelea jinsi nilivyotaka, akanuna, ikafanya kazi.

Tulikijaribu nyuma ya nyumba, ndani ya ukuta. Mvua ilipokuja nilivuta kamba, trei zikaingia, nikavuta kigoda na kukaa chini ya upenu kuitazama ikinyesha. Sijawahi kuifurahia mvua kama siku ile. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Wazo la cheti nilikuwa nimelipata kwenye semina ya wajasiriamali. Mwezeshaji alitwambia kwamba si lazima mtu atengeneze ndege ndipo serikali imtambue, kwamba hata kifaa kidogo chenye manufaa kinaweza kulindwa, mtu mwingine asikitengeneze bila ruhusa yako. Kitu hicho alikiita cheti cha modeli ya matumizi, jina ambalo hata ukilisema taratibu linakuchosha. Nyumbani tukaliita hataza ndogo. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba mwezeshaji huyohuyo alisisitiza sana mtu asionyeshe kitu chake hadharani kabla ya kuomba. Inawezekana alisema. Kama alisema, alisema baada ya chakula, wakati sisi wote tulikuwa kwenye foleni ya kusaini posho, na kwenye foleni ile hata tarumbeta ya mwisho ingepigwa tusingeisikia.

Niseme wazi nilichokuwa nakitaka. Nilitaka karatasi ya serikali inayosema kwamba kichanja kile kilitoka kwenye kichwa cha mwanamke anayenuka dagaa. Fedha ningezikubali pia, mimi si malaika, lakini karatasi ile niliitaka mpaka niliiota.

Mama mkwe wangu anaishi na sisi. Ametoka pwani ya ziwa upande wa Mara, ni mama wa maombi, na akiamua jambo huwa anakujulisha tu kama anavyojulishwa mpangaji. Alipoona kichanja kile alikizunguka, akavuta kamba, akashangilia, kisha akaniuliza Jumapili ipi tunakipeleka.

"Mama, nilikuwa nataka kwanza nikaulizie hataza," nikasema.

"Utaulizia. Nani amekukataza kuulizia? Lakini katika nyumba ya mwanangu hakuna kitu kitaenda mwaloni hakijaombewa. Na hiki ni cha kwanza, mkwe wangu. Cha kwanza si chako."

Mume wangu, ambaye kwa kulabu moja aliweza kunibishia siku kadhaa, alijikuta ghafla ana boriti za kupima. Jumapili tukakipakia kwenye guta.

Mchungaji alifurahi sana. Alimwita mume wangu mbele, akamshika bega, akatangaza kwamba Bwana amemfunulia mtumishi wake jambo jipya. Mume wangu, na hapa namshukuru, alisogea kwenye kipaza sauti akasema, "Mchungaji, aliyebuni ni mama watoto. Mimi nimechomelea tu."

"Mmeona unyenyekevu huo, wapendwa?" mchungaji akasema. "Wanaume wangapi humu ndani wangempa mke wao sifa namna hii?"

Makofi. Vigelegele. Mume wangu akajaribu kusema tena, na kadiri alivyokana ndivyo alivyozidi kuwa mnyenyekevu. Walipomwomba aonyeshe jinsi kinavyofanya kazi, akavuta kamba kutoka upande usio wake, trei ikakwama. Sikuvumilia. Nilitoka kwenye benchi la akina mama nikachukua kipaza sauti, nikaeleza kila kitu. Nilieleza kwa nini reli zinapishana. Niliinua trei ya juu ili watu waione kulabu vizuri, nikaigeuza, nikaeleza ikunjwe kiasi gani, na ikikunjwa zaidi ya hapo itang'ang'ania wapi. Mpiga picha wa kwaya alinisogelea na kamera yake nikampisha apate mwanga. Jioni ile video ilikuwa kwenye ukurasa wa kwaya, na chini yake watu wa mpaka Bukoba wameandika amina.

Nje, mnada ukaanza. Mama mmoja alikitaka kichanja kwa ajili ya mahindi, akapanda bei mpaka sauti ikamwishia. Aliyemshinda ni mzee mmoja wa kanisa, mtu wa heshima, mwenye karakana kubwa kuliko kibanda chetu mara nyingi, yenye mashine ya kukunjia vyuma na vijana waliovaa ovaroli za rangi moja. Watu wakamshangilia kwa ukarimu wake. Na mimi nilimshangilia. Nilipiga kigelegele kirefu kuliko wote, nikijiambia kwamba mzee amekipenda kitu changu.

Alikipenda kweli. Haikupita muda nikawa natoka Misungwi kwa mambo ya mzigo wangu, na pale njia panda ya Usagara nikaona fuso imesimama dereva akinunua maji. Nyuma ya fuso kulikuwa na vichanja vyangu, vimepangwa vizuri, vimepakwa rangi ya buluu, na kila kimoja kimeandikwa namba ya simu ya karakana ya mzee kwa herufi nyeupe. Nikamuuliza dereva anavipeleka wapi. Akanijibu Sengerema, na akaongeza kwa furaha kwamba tangu daraja la Busisi lifunguliwe biashara imekuwa nyepesi sana, hakuna tena kusubiri kivuko. Nilimwambia ni kweli, maendeleo ni kitu kizuri.

Nilikwenda kwa mzee karakanani. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Mmeamkaje?"

Tuliamkiana mpaka wazazi wote wakaisha kuuliziwa, kisha nikamwambia nimeona vichanja. Hakushtuka hata kidogo. Aliniambia kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, "Mama, mimi nilinunua mnadani, mbele ya watu. Hela ilikwenda kwa Bwana. Sasa unataka tukamwambie Bwana arudishe?"

Nilitoka pale nikapita nyumbani, nikanakili ule mchoro wa chaki kwenye karatasi. Nikaenda mjini kwa wakili. Alikuwa binti mdogo, ofisi yake ghorofani, feni inazunguka bila kuleta upepo, lakini alinisikiliza vizuri na kuangalia michoro yangu kwa makini. Akaniuliza kama nimeshamwonyesha mtu yeyote.

"Kanisa zima, mwanangu," nikasema. "Na wageni walikuwepo."

Akaweka kalamu chini. "Mama, ili sheria ikulinde, kitu lazima kiwe kipya. Kisiwe kimeshajulikana kwa watu."

"Ni kipya. Kimeombewa juzi tu."

"Ungekuwa umekionyesha kwenye maonyesho rasmi yanayotambuliwa na serikali, labda tungekuwa na pa kushikilia."

"Kanisani kulikuwa na watu wengi kuliko maonyesho."

"Ndiyo shida yenyewe, mama."

Hata hivyo akakubali tujaribu. Aliniambia haniahidi kitu, na kwamba itabidi tuieleze ile ibada na ile video waziwazi, tusije tukakutwa tumeficha. Nikamwambia aeleze. Basi tukakaa kuandika maombi. Kwa lugha yao kichanja changu hakikuwa kichanja tena, kilikuwa kifaa cha kukaushia chenye fremu mbili au zaidi zinazoingiliana. Dagaa walikuwa bidhaa. Mvua ilikuwa unyevunyevu wa ghafla, na hapo nikacheka, kwa sababu aliyeandika vile hajawahi kukimbizwa na unyevunyevu huo na beseni kichwani.

Nyumbani palitokea ubishi kuhusu jina la mbunifu. Mama mkwe alitaka liandikwe la mwanawe. "Andika jina la mume wako. Si ndiye kichwa cha nyumba?"

Mume wangu alikuwa anakula, akajibu bila kuinua macho, "Mama, kichwa cha nyumba hakikuwaza kitu hiki." Nilimwongezea mboga.

Mama mkwe hakukasirika. Alifanya kibaya zaidi, alituombea. Kwenye maombi ya katikati ya juma alisimama akaomba kanisa lisaidiane naye kwa ajili ya mkwe wake, ambaye ameomba hataza ndogo serikalini, na ikitoka hakuna mtu mwingine atakayeruhusiwa kutengeneza vile vichanja. Alifafanua vizuri kabisa, kuliko hata mwezeshaji wa semina. Mzee wa karakana alikuwa kiti cha mbele. Amina yake ilisikika kuliko zote.

Majibu yalipotoka, wakili alinipigia simu mwenyewe badala ya kunitumia ujumbe, na kwa hilo nikajua tumekataliwa kabla hajafungua mdomo. Nilikuwa nachambua mchele. Nilimshukuru, nikakata simu, nikaendelea kuchambua, kisha nikalia pale jikoni kwa sauti mpaka kuku waliokuwa mlangoni wakaondoka. Niliumia. Sikuumia kwa ajili ya fuso na rangi ya buluu. Niliumia kwa sababu waliokataa walikuwa sahihi, na hakuna kitu kinachokera kama kuonewa na mtu ambaye yuko sahihi.

Maisha yakaendelea. Mume wangu alinitengenezea kichanja kingine, nikaanika, nikaanua. Mwaloni wanawake wengi sasa walikuwa navyo, vya buluu, na mvua ikija unasikia trei zinagonga kwa pamoja ufukwe mzima. Ukweli ni kwamba sauti ile naipenda, na kila nikiisikia nakasirika.

Kisha mchana mmoja wa Jumamosi mzee wa karakana akaja nyumbani kwetu. Hajawahi kuja. Alikuja na kilo za sukari kwenye mfuko kama mtu aliyekuja kumwona mzazi, akakaa, akakubali chai. Mama mkwe alikuwa anamimina. Mume wangu alikuwepo. Tukazungumza habari za mvua, habari za kanisa, habari za barabara, na mzee akawa anazidi kusogea mbele kwenye kiti mpaka nikaogopa ataanguka.

"Mama," akasema mwishowe, "nimekataliwa."

"Umekataliwa nini, mzee?"

"Ile hataza ndogo."

Nikamuuliza aliombea kitu gani. Akajibu, kana kwamba ni jambo la kawaida, kwamba aliombea kichanja, yeye akiwa ndiye mbunifu. Kwenye ofisi ya hataza wakamwambia jambo hilo lipo tayari kwenye jalada la mama mmoja wa Mwanza, tena kuna video ambayo mama huyohuyo anaeleza kila kitu kanisani, mpaka kulabu.

"Lakini, mzee, wewe ulibuni nini?"

"Niliboresha," akasema. "Nimeweka rangi."

Akaendelea. Alitaka niwaombe watu wa kwaya waiondoe ile video. Alitaka niseme kwamba siku ile nilikuwa naeleza kazi ya karakana yake. Angenitoa vizuri, akasema, na akataja kiasi, na mume wangu akakohoa kwa sababu kilikuwa kiasi cha kukohoza mtu. Wakili wangu alikuwa amekwisha kuniambia kwamba kufuta video hakubadilishi kitu, kilichoonekana kimeonekana. Sikumwambia mzee hivyo. Nilitaka nione atafika wapi.

"Hela yako sitaki, mzee," nikamwambia. "Na uongo sitausema. Lakini tufanye hivi. Kesho, wakati wa matangazo, usimame. Uchukue kipaza sauti, useme kwamba kichanja kile amekibuni mama huyu. Hivyo tu. Husemi umekosa, husemi umeiba, na wala sitaki uache kutengeneza. Ukisema hivyo, video nitawaomba waitoe Jumatatu, na mimi neno hataza halitatoka mdomoni mwangu tena."

Mkono wa mama mkwe ulisimama hewani na birika. Mzee akamgeukia mume wangu, mwanaume kwa mwanaume, akitegemea labda atanituliza. Mume wangu akawa anakikagua kikombe chake kana kwamba amekichomelea yeye.

"Mama," mzee akasema, na sauti sasa ilikuwa ya chini kabisa, "mambo mengine si ya kusemea kanisani."

"Mzee," mama mkwe akasema, "pale si ndipo uliposikia mpaka kulabu?" Akamjazia chai ambayo hakuiomba.

Mzee hakuinywa. Niliona anaifikiria kweli ile sentensi. Niliona midomo inacheza. Kisha akasimama, akaaga kwa heshima zote, nikamsindikiza mpaka barabarani kama inavyopasa. Njiani alirudia kutaja fedha, akapandisha, akapandisha tena, kama siku ile ya mnada, ila safari hii hapakuwa na mtu wa kushindana naye. Nikamwambia bei yangu anaijua.

Akapanda gari lake akaondoka. Kesho yake alikuja ibadani na suti, akakaa kiti chake cha mbele, na wakati wa matangazo ulipofika nilimtazama kisogo mpaka matangazo yakaisha. Nilikuwa tayari kumpa, na sikuwa namtania. Vichanja vyote vya buluu kutoka mwaloni kwetu mpaka ng'ambo ya daraja ningemwachia kwa sentensi moja ambayo hata mtoto wa shule ya Jumapili angeweza kuisema. Mzee alipiga hesabu zake akaona ni ghali.